Kabla Hujanunua Turbo Mpya, Kagua Intakula

Gari la turbo likianza kuwa zito mlimani, likatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kuliko kawaida yake, jibu la haraka gereji ni kwamba turbo imekufa. Turbo ni kifaa cha bei. Mwenye gari anakopa, anafungiwa nyingine, kisha gari linaendelea kuwa zito vilevile. Mara nyingi turbo ya kwanza haikuwa na kosa. Ilisukuma hewa ipasavyo, ila hewa hiyo ilikuwa ikivuja njiani kwenye mpira uliochanika, au ilifika kwenye injini ikiwa bado ya moto kwa sababu intakula, kifaa cha kuipoza, imezibwa na tope.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari wa kawaida: mwenye Hilux ya dizeli, Forester ya turbo, CX-5 ya dizeli, Jimny ya cc 660, hata Fuso ya mizigo. Si lazima uwe fundi. Kwa kuanzia unahitaji tochi, bisibisi, chupa ya maji ya sabuni, na subira ya kufuata njia ya hewa kutoka inapoingia hadi inapoishia.

Kwa nini hewa ipozwe

Turbo ni magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye shafti moja. La kwanza linazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. La pili linavuta hewa safi na kuishindilia kuelekea kwenye silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua vizuri, na hapo injini ndogo inapata nguvu ya injini kubwa. Wazo hili si jipya: Mswisi Alfred Büchi alilisajilia hataza mwaka 1905.

Tatizo ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata joto. Ukijaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono, mwisho wa pampu huchoma vidole. Ndani ya turbo mambo ni hayohayo, tena bila kupumzika.

Chukua siku ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya nje ikiwa na nyuzi 30. Turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, ikiongeza presha hadi mara mbili ya ile ya nje, huitoa hewa hiyo ikiwa na nyuzi 125 hivi. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo ingawa presha imekuwa mara mbili, oksijeni iliyomo katika kila lita imefika mara moja na nusu tu. Sasa ipitishe kwenye intakula nzuri. Joto linashuka hadi karibu nyuzi 60, na oksijeni inapanda hadi karibu mara 1.8. Hujabadilisha injini wala turbo. Umeondoa joto tu. Kwa makadirio, kila nyuzi 3 unazopunguza zinakupa asilimia 1 zaidi ya hewa.

Nguvu ni sehemu moja ya faida. Ya pili, ambayo mimi naiona kubwa zaidi, ni uhai wa injini. Kwenye injini ya petroli, mchanganyiko ulioingia ukiwa wa moto unaweza kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Injini inagonga, na kugonga huko kukiendelea hutoboa pistoni. Kompyuta ya gari ikisikia kugonga huko kupitia sensa yake huchelewesha cheche ili kuiokoa injini, na wewe unahisi gari limelegea. Kwenye dizeli, hewa kidogo ya moto inaacha mafuta yasiyoungua yatoke kama moshi mweusi, na joto la moshi huo linapanda na kuzichosha vali, pistoni na turbo yenyewe.

Nyanda za juu zinaongeza ugumu. Nairobi iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Ili ifikie presha ileile kwenye silinda, turbo inabidi ishindilie hewa karibu mara mbili na nusu. Hewa inatoka ikikaribia nyuzi 150 hata kama nje ni nyuzi 25 tu. Ndiyo maana gari lenye intakula iliyoziba kidogo linaweza kukimbia vizuri Mombasa, likaonyesha ugonjwa wake linapopanda Timboroa nchini Kenya. Mlima Kitonga wa Tanzania nao huwatesa madereva wa malori kwa njia hiyo: mzigo mzito, mguu uko chini kabisa kwenye mafuta, mwendo wa polepole. Hewa ya moto ni nyingi, upepo wa kuipoza ni mdogo.

> HISTORIA KIDOGO
> Oldsmobile Jetfire ya Marekani, iliyotoka mwaka 1962, ilikuwa miongoni mwa magari madogo ya kwanza kuuzwa yakiwa na turbo. Haikuwa na intakula. Wahandisi waliipoza hewa kwa kunyunyizia maji yaliyochanganywa na methanoli, na chupa ikiisha vali maalumu ilipunguza presha ya turbo ili injini isigonge. Kwenye mbio za magari, Toyota walitumia intakula inayopozwa kwa maji kwenye Celica GT-Four iliyoshinda Safari Rally mwaka 1990 ikiendeshwa na Björn Waldegård. Subaru nao waliweka kwenye Impreza WRX STI kitufe cha kunyunyizia maji juu ya intakula.

Ijue intakula ya gari lako

Intakula inafanana na rejeta: mirija bapa ya alumini yenye mapezi membamba katikati yake, na tangi dogo kila upande. Hewa ya turbo inapita ndani ya mirija, na upepo wa nje unapita kati ya mapezi na kuondoka na joto. Kinachotofautiana ni mahali ilipowekwa, na mahali hapo ndipo panapokuambia ukague nini.

*Iliyo mbele, nyuma ya bampa.* Hii ndiyo ya malori na magari mengi ya dizeli. Inapata upepo mzuri, lakini mawe, tope na wadudu huanzia kwake. Mipira yake ni mirefu, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

*Iliyo juu ya injini.* Hilux ya D-4D lita 3.0 yenye tundu juu ya boneti, Forester na Impreza nyingi za turbo, na Jimny nyingi za turbo, ziko hivi. Mipira ni mifupi na gari linaitika haraka. Udhaifu wake ni foleni. Gari likisimama, joto la injini linapanda na kuipasha intakula, na utakapoondoka utahisi gari zito mpaka upepo uipoze tena. Tundu la boneti si pambo. Chini yake kuna mpira wa kuziba unaoelekeza upepo upite ndani ya intakula. Mpira huo ukipotea, upepo unapita pembeni na intakula inabaki na joto lake.

*Inayopozwa kwa maji.* Volkswagen nyingi za 1.4 TSI ni mfano mzuri. Intakula imejificha ndani ya manifodi ya hewa, na maji yanaisafirishia joto hadi rejeta ndogo ya mbele kwa kusukumwa na pampu ya umeme. Nitairudia baadaye, kwa kuwa dawa yake ni tofauti.

Dalili na maana zake

Sikiliza kabla ya kufungua chochote.

- Mlio wa "shiii" unapokanyaga mafuta, unaokoma ukiachia: hewa iliyoshindiliwa inavuja baada ya turbo. Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote.
- Moshi mweusi kwenye dizeli likibeba mzigo: hewa haitoshi. Kagua kichujio cha hewa, kisha mipira, kisha intakula.
- Petroli inanuka kwenye moshi na injini inatetemeka: kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, kompyuta imeihesabu hewa ambayo imevujia njiani, ikatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyofika.
- Nguvu nzuri asubuhi, mbaya baada ya foleni: intakula imejaa joto au imeziba kwa nje.
- Unyevu wa oili penye kiungo cha mpira: hewa inapenya hapo na kubeba ukungu wa oili.
- Taa ya injini na kodi P0299: presha ya turbo iko chini ya inayotakiwa. Kodi hii haisemi turbo ni mbovu. Inasema hewa haifiki.

Turbo ni mbovu kweli ukiona mambo haya: shafti inacheza hadi mapanga yanakwaruza ganda lake, mlio mkali kama king'ora unaoongezeka kila siku, moshi wa bluu, na oili inayomwagika badala ya kulowesha tu. Ukiwa na dalili hizo, usiendelee kuendesha.

Ukaguzi wa macho na mikono

Fanya kazi hii injini ikiwa imezimwa na imepoa. Turbo na bomba la moshi vinaunguza kwa muda mrefu baada ya kuzima, na feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe, kwa hiyo chomoa ufunguo.

1. Anza kwenye kichujio cha hewa. Kikiwa kimejaa vumbi, kibadilishe kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Kwa barabara za vumbi, muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari ni mrefu mno.
2. Fuata bomba kutoka kichujio hadi turbo, kisha kutoka turbo hadi intakula, kisha kutoka intakula hadi manifodi. Weka alama kila kiungo ili usiruke hata kimoja.
3. Minya kila mpira kwa mkono na uuzungushe kidogo. Nyufa nyingi hukaa upande wa chini, au ndani ya mikunjo, na huonekana mpira ukipindwa tu. Mpira uliolainika kama ulimi au ulioumuka umeshaliwa na oili.
4. Jaribu kila klampu kwa bisibisi. Klampu iliyolegea hukazwa. Iliyoota kutu au iliyokata mpira hubadilishwa.
5. Angalia matangi ya pembeni ya intakula. Mengi ni ya plastiki iliyobanwa kwenye alumini, na hupasuka penye mkunjo huo. Mstari wa oili na vumbi hapo ni ushahidi tosha.
6. Mulika mapezi kwa tochi kutoka upande mmoja na uangalie upande wa pili. Usipoona mwanga, upepo nao haupiti.
7. Fungua mpira wa chini kabisa wa intakula. Ukungu mwembamba wa oili ndani ni wa kawaida, kwa sababu injini hupumua na mvuke wake hurudishwa kwenye njia ya hewa. Oili ya kujaza kikombe si ya kawaida.

Kipimo cha upepo na sabuni

Macho hayaoni kila ufa. Kuna nyufa zinazofunguka presha ikipanda tu, na hizi ndizo zinazowafanya mafundi wauze turbo. Kipimo hiki kinazikamata nyingi, na vifaa vyake havizidi bei ya kujaza tangi la mafuta.

Unahitaji vifuniko viwili vya bomba la PVC vinavyoingia barabara kwenye mipira yako, vali moja ya tairi lisilo na tyubu, klampu, kompresa au pampu yenye saa ya kupimia, na maji ya sabuni. Toboa kifuniko kimoja na uifunge vali hapo.

1. Chomoa mpira unaotoka kwenye turbo, na ule unaoingia kwenye manifodi. Sasa umetenga intakula na mipira yake.
2. Ziba upande mmoja kwa kifuniko kizima na mwingine kwa kile chenye vali. Kaza klampu mpaka vifuniko visiweze kuchomolewa kwa mkono.
3. Jaza upepo polepole hadi psi 15. Usizidi 20 kwa hali yoyote.
4. Simama pembeni. Kifuniko kikichomoka kinaruka kama jiwe la manati, kwa hiyo asikae mtu mbele yake.
5. Paka sabuni kwenye kila kiungo, kila mkunjo wa mpira na pembe zote za matangi. Mapovu yanayokua ndiyo mahali pa kuvuja.
6. Tazama saa. Presha ikikaa kwa dakika kadhaa, intakula na mipira ni mizima. Ikishuka papo hapo bila mapovu kuonekana, tafuta sehemu usizozifikia kwa macho, hasa chini ya intakula.
7. Toa upepo wote kupitia vali kabla ya kulegeza klampu yoyote.

Fundi anaweza kupima mfumo mzima kwa kuziba mdomo wa turbo. Ni njia halali, ila ana mambo mawili ya kuzingatia. Bomba la kupumulia la injini lizibwe, vinginevyo upepo utaingia kwenye sehemu ya oili na kusukuma sili. Pia presha itashuka taratibu hata mfumo ukiwa mzima, kwa kuwa baadhi ya vali za injini huwa wazi. Kwa anayeanza, kupima intakula peke yake ni salama zaidi na jibu lake halina utata.

Simu yako kama kipimo

Gari lenye soketi ya OBD chini ya usukani linaweza kusomwa kwa kifaa kidogo cha bluetooth na programu ya simu. Soma namba mbili tu. Msomaji awe abiria. Dereva aangalie barabara.

Ya kwanza ni presha ya manifodi. Washa ufunguo bila kuwasha injini: pwani utaona karibu kPa 100, Nairobi karibu 82. Namba hiyo ikiwa mbali na hapo, sensa ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Kisha panda mlima ukiwa umekanyaga mafuta. Namba ikipanda kidogo tu juu ya ile ya mwanzo, hewa haifiki.

Ya pili ni joto la hewa inayoingia. Hakikisha sensa yake iko baada ya intakula, kwa sababu kwenye baadhi ya magari iko kwenye boksi la kichujio na haitakuambia lolote kuhusu intakula. Kwenye barabara tambarare kwa mwendo wa kawaida, joto la nyuzi 10 hadi 20 juu ya lile la nje ni zuri. Mlimani litapanda zaidi, kisha lishuke ukifika juu. Lisiposhuka, intakula haipozi.

Kusafisha

*Kwa nje:* Tumia maji ya presha ndogo, ukiyaelekeza kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia. Lainisha tope na wadudu kwa sabuni ya gari, subiri, kisha suuza. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi yote kwa sekunde chache, na mapezi yaliyolala hayapitishi upepo. Mwambie kijana wa car wash asogee mbali, au afanye kwa mpira wa kawaida. Mapezi machache yaliyopinda yanyooshwe kwa kisu butu, moja baada ya jingine. Magadi ya kufungulia mabomba ya maji yasiguse intakula kabisa, kwani yanaila alumini.

*Kwa ndani:* Ing'oe kwanza, usiisafishe ikiwa kwenye gari. Mimina dawa ya kuondolea grisi au mafuta ya taa, ziba midomo, itikise, mwaga, rudia mpaka kinachotoka kiwe safi. Suuza kwa maji ya moto yenye sabuni, kisha uikaushe kabisa kwa upepo na jua. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto na sigara. Petroli isitumike.

> HATARI: DIZELI INAPOKIMBIA YENYEWE
> Injini ya dizeli inaweza kuungua kwa kutumia oili. Oili nyingi ikikusanyika ndani ya intakula, au mafuta ya kusafishia yakibaki humo, siku moja hunyonywa kwa mkupuo. Injini inapiga kelele, inapanda mizunguko yenyewe na kuzima ufunguo hakusaidii. Gari la gia za mkono: kanyaga breki kwa nguvu zote, vuta breki ya mkono, ingiza gia ya juu kabisa, kisha achia klachi mara moja ili injini izimike. Gari la otomatiki: ondoa watu na ukae mbali. Usizibe njia ya hewa kwa kiganja wala kitambaa, vitanyonywa. Kwa sababu hii, intakula iliyosafishwa ikiwa bado ina unyevu wa mafuta isirudishwe kwenye gari, hata kama mwenyewe ana haraka.

Turbo ikiwa imevunjika kweli

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea mara mbili. Turbo ikivunjika, vipande vya mapanga yake na oili vinasukumwa moja kwa moja kwenye intakula na kubaki humo. Fundi anafunga turbo mpya, gari linawashwa, na vipande vilivyobaki vinaelekea kwenye silinda. Intakula ya aina hiyo isafishwe mpaka isitoe hata chembe ya chuma. Ikiwa mirija yake ni myembamba na ina vizuizi ndani, ibadilishwe. Dai pia usafi wa mipira yote, oili mpya, kichujio kipya, na bomba la oili la turbo likaguliwe, maana lililoziba ndilo mara nyingi lililoiua turbo ya kwanza.

Makosa yanayojirudia

Kufunga mpira wa maji ya rejeta badala ya mpira wa turbo ni kosa la kwanza. Unatoshea, unakaa wiki chache, kisha unalainishwa na oili na kupasuka mlimani. Nunua mpira wenye nyuzi za kuuimarisha, na kama ni wa silikoni, uwe na utando wa ndani unaohimili oili. Silikoni ya kawaida haiupendi ukungu wa oili.

Gundi kwenye tangi la plastiki lililopasuka ni kosa la pili. Joto na presha hupanda na kushuka kila unapokanyaga mafuta, na gundi huachia. Tangi la alumini linaweza kuchomelewa na fundi mwenye mashine ya argoni, intakula ikiwa imesafishwa oili kwanza. La plastiki, badilisha.

La tatu ni kuziba upepo kwa mapambo. Bampa la chuma, taa kubwa za ziada, kibao cha namba kilichosogezwa katikati ya grili, na wavu mzito wa wadudu, vyote vinasimama mbele ya intakula. Lori linalopanda mlima na turubai limefunika grili linajinyima hewa lenyewe.

Kuna pia tamaa ya intakula kubwa. Kwa gari ambalo injini yake haijaongezwa nguvu, sioni sababu. Ujazo mkubwa unachelewesha presha kujaa, na ikikaa mbele ya rejeta bila mpangilio inainyima rejeta upepo. Intakula ya asili iliyo safi na isiyovuja inatosha.

Kama intakula yako ni ya maji

Njia ya upepo ni fupi, kwa hiyo mivujo ya hewa ni michache. Ugonjwa wake uko kwenye maji. Pampu ya umeme ikifa, gari linakuwa zito kwenye joto ilhali saa ya joto la injini inasoma kawaida, kwa kuwa mzunguko huu aghalabu umetenganishwa na ule wa injini. Baada ya ukarabati wowote, hewa iliyobaki kwenye mabomba lazima itolewe kwa utaratibu wa mtengenezaji. Tumia kipozeo sahihi, si maji ya bomba peke yake, ambayo huanzisha kutu ndani.

Ukiona kipozeo kinapungua bila kumwagika chini, na moshi mweupe unatoka asubuhi, zima gari na ulivute hadi gereji. Intakula inaweza kuwa inavuja maji kuelekea kwenye silinda, na maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikiyakuta, mkono wake unapinda.

Unaponunua

Kwa intakula iliyotumika, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, nenda na ile ya zamani mkononi na ukague haya kabla ya kulipa:

☐ Midomo ina kipenyo kilekile na iko upande uleule.
☐ Mapezi hayajalala, na mwanga unapita.
☐ Hakuna gundi wala rangi mpya juu ya mikunjo ya matangi.
☐ Ukiitikisa, hakuna kinacholia ndani.
☐ Kitambaa cheupe kikiingizwa mdomoni hakitoki na chembe za chuma.
☐ Muuzaji anakubali ijazwe upepo na kuzamishwa ndani ya maji.

Muuzaji akikataa hilo la mwisho, nenda duka la jirani.

Kwa gari zima la turbo, mwombe mwenye gari akupandishe mlima halisi, si kuzunguka mtaa. Zima redio, fungua dirisha, sikiliza ule mlio wa "shiii", na mtu wa pili aangalie moshi kwa nyuma. Mkirudi, subiri injini ipoe, kisha fungua mpira wa chini wa intakula uone oili iliyomo.

Na kama gari ni lako, na umeambiwa turbo imekufa, omba mambo mawili kabla ya kutoa hata senti: shafti ya turbo ichezeshwe mbele yako, na intakula ijazwe upepo na kupakwa sabuni ukiwa umesimama hapo. Fundi anayeijua kazi yake hatakukatalia.